Uzi: Unataka mti mkubwa sebuleni? Anza na dirisha, mti baadaye

Mzee wa Vitalu (mtoa mada)

Wakuu, habari za humu. Mimi kazi yangu ni kitalu cha maua hapa Dar. Uzi huu nimeuchelewesha sana, lakini picha ninazotumiwa WhatsApp zimenichosha. Picha zote zinafanana: mti wa mita moja na nusu au mbili, majani ya chini yamegeuka njano, udongo umelowa chepechepe, na nyuma yake kona ya giza kati ya sofa na kabati la TV. Swali nalo ni lile lile: "Mzee, nimwagilie mara ngapi?"

Jibu langu halijawahi kubadilika. Mti mkubwa wa ndani ni nadra kufa kwa kiu. Unadhoofishwa na giza, halafu mwenye nyumba anaumalizia kwa maji.

Inakuwa hivi. Mti hutumia maji kulingana na mwanga unaoupata. Ukiwa gizani haunywi, kwa hiyo udongo unakaa na unyevu wiki nzima. Zile nafasi ndogo za hewa ndani ya udongo zinajaa maji, mizizi inakosa oksijeni, inaanza kuoza. Mizizi ikioza haiwezi tena kunyonya, na majani yananyong'onyea utadhani yana kiu. Mama mwenye nyumba anaona huruma, anachota jagi jingine. Hapo ndipo nami ninapopigiwa simu.

Kwa hiyo kabla hujatoka kwenda kununua, simama pale unapotaka kuuweka mti, saa sita au saa saba mchana, taa zimezimwa. Weka karatasi nyeupe kwenye kimo ambacho majani yatakuwepo, nyoosha mkono wako juu yake kama sentimita thelathini hivi. Kivuli kikiwa na kingo kali, vidole vinahesabika, una mwanga wa kutosha karibu mti wowote. Kikionekana kama wingu lenye umbo la mkono, una mwanga wa kati. Kama hakuna kivuli, pale weka taa ya kusimama na picha ya ukutani, ukae kwa amani.

Usiamini macho. Jicho la binadamu linajirekebisha lenyewe, sebule inaonekana ina mwanga kumbe mti unaona usiku. Na nyumba zetu zina mambo yake: vioo vya tinti, neti ya mbu, nondo, pazia zito juu ya pazia jepesi, na baraza pana mbele ya dirisha. Kila kimoja kinakata chake. Mita tatu kutoka dirishani, mara nyingi mchezo umeshakwisha.

Jambo la pili, na hili linawapoteza wengi wanaosoma mitandaoni. Maelekezo mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanasema dirisha la kusini ndilo lenye jua. Kwao ni kweli. Dar tupo kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na mwezi Juni linainama vya kutosha kuingia ndani. Miezi iliyobaki liko kusini, lakini juu sana, hivyo paa na baraza vinalizuia. Kwa hiyo hapa dirisha la kaskazini lina mwanga mzuri kuliko la kusini. La mashariki ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana jua la asubuhi ni la upole. La magharibi lina mwanga mwingi ila saa tisa alasiri linachoma.

Baada ya hapo ndiyo tuongee majina ya miti. Karibuni.

---

Binti Kigamboni

Mzee, nimefanya hilo zoezi la karatasi. Kivuli cha mawingu, ila nikisogea karibu na dirisha kinakuwa kikali. Dirisha langu ni la magharibi, ghorofa ya nne, na kuna AC juu yake. Moyo wangu uko kwenye ile fikasi ya majani makubwa yenye umbo la gitaa. Nisikie unasemaje kabla sijaenda Jumamosi.

---

Mzee wa Vitalu

Dada, hiyo ni *Ficus lyrata*. Ni mti wa misitu ya mabondeni Afrika Magharibi, kuanzia Sierra Leone mpaka Cameroon, na kwao unapanda zaidi ya mita kumi. Ni mzuri, sikatai. Ila ndiyo unaoongoza kwa kesi kwenye simu yangu. Unataka mwanga mkali, hautaki kuhamishwahamishwa, na ukipigwa na upepo wa AC unakuonyesha hasira zake kwa kuangusha majani. Kwako tatizo si mwanga, ni ile AC. Kama huwezi kuelekeza mapanga yake upande mwingine, uache.

Chukua monstera, ile ya majani makubwa yenye matundu. Iweke kama mita moja kutoka dirishani, na pazia jepesi lishushwe kuanzia saa nane. Monstera asili yake ni kusini mwa Mexico mpaka Panama. Kule inaparamia miti mikubwa msituni, ndiyo maana inatoa ile mizizi ya hewani ambayo watu wanaikata wakidhani ni ugonjwa. Usiikate. Tafuta nguzo, izungushie makumbi ya nazi na kamba, uisimike katikati ya chungu, uelekeze mizizi ile pale na uwe unalowesha makumbi. Monstera inayopanda juu inatoa majani makubwa zaidi. Inayoachwa itambae inakula sebule yote na majani yanabaki ya wastani.

Na usilalamike kwa muuzaji kwamba majani hayana matundu. Jani la mche mdogo halina. Matundu yanakuja mti ukikomaa na ukiwa na mwanga. Monstera kubwa inayotoa majani mapya yasiyo na matundu inakulilia mwanga.

---

Dokta Mbishi

Mtoa mada nakupa heko, ila umeruka jambo kubwa. Mimea hii inasafisha hewa. NASA, shirika la anga la Marekani, walishathibitisha. Mimi nina miti sita chumbani kwa sababu hiyo tu.

---

Mzee wa Vitalu

Sikuruka, nilikuwa nakusubiri 😀

Utafiti wa NASA upo, ulitoka mwaka 1989. Lakini walifungia mmea ndani ya kisanduku kidogo kisichopitisha hewa, wakaingiza kemikali, wakapima. Nyumba yako si kisanduku. Hewa inaingia na kutoka dirishani, mlangoni, hata chini ya bati. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel kule Marekani walikusanya tafiti za miaka mingi wakapiga hesabu upya: ili mimea ifikie kazi inayofanywa na mzunguko wa kawaida wa hewa katika jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Utalala wapi?

Fungua dirisha. Mti nunua kwa sababu unapendeza.

---

Msomaji Kimya

Na wale wanaosema ukilala na miti chumbani inakunyonya oksijeni usiku? Bibi yangu alikuwa anatoa vyungu vyote nje saa moja jioni.

---

Mzee wa Vitalu

Ni kweli mmea unapumua usiku, ila kiasi chake ni kidogo mno ukilinganisha na mtu mzima aliyelala pembeni yako. Kama humwogopi mumeo, usiogope monstera.

---

Mtu wa Machame

Nimeshangaa hakuna aliyetaja masale. Wakuu, huko Ulaya watu wananunua drasena ya shina nene yenye majani marefu kwa bei ya kutisha, na ni masale yetu yale yale, *Dracaena fragrans*. Kwetu Uchagani masale ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ni alama ya msamaha. Mtu akikujia na jani la masale kukuomba radhi, kumkatalia ni jambo zito. Tunayo tele tu kwenye uzio, mjini mnanunua.

Swali langu: nilikata fimbo tatu nyumbani, nikazipeleka Arusha ninakoishi. Zimeota vizuri kwenye vyungu, ila ncha za majani zinakauka rangi ya kahawia. Namwagilia kwa kiasi, mwanga upo.

---

Mzee wa Vitalu

Mangi, umeleta kitu kizuri. Masale ni mti mkubwa wa ndani ambao ningempa mtu yeyote asiye na dirisha zuri. Unavumilia mwanga wa kati, ukirefuka unaukata popote na shina linachipua pembeni, halafu kipande ulichokata unakiotesha. Ile yenye mstari wa njano katikati ya jani inahitaji mwanga zaidi kidogo, vinginevyo mstari unafifia.

Ncha zako nazishuku maji. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi. Mnajua wenyewe, meno ya kahawia yanasema. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima huko vinavyopita hapo mara kadhaa. Jamii ya drasena ni miongoni mwa mimea inayoumizwa na floridi kirahisi: inapanda na maji, inakusanyika kwenye ncha ya jani, pale panakufa. Nyumbani kwenye uzio inanyeshewa mvua na mizizi ina eneo kubwa. Kwenye chungu kila jagi linaongeza juu ya lililopita.

Kuchemsha hakusaidii, floridi haiondoki na mvuke. Kuacha maji yalale kwenye ndoo usiku kucha kunapunguza klorini, floridi inabaki pale pale. Dawa ni maji ya mvua. Yakinge kwenye pipa, yatumie kwa masale peke yake, nguo fua kwa ya bomba. Ncha zilizokufa zikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani, hazitarudi kuwa kijani.

---

Mwana wa Likoni

Hapa Mombasa shida yetu ni chumvi. Maji ya kisima ukiyaonja wayajua. Areka yangu, ule mchikichi wa mapambo, ilikuwa na majani ya kupendeza, sasa kingo zote zimeungua, na juu ya udongo pamefanya ukoko mweupe. Nimeambiwa niongeze mbolea.

---

Mzee wa Vitalu

Usiongeze! Mbolea nayo ni chumvi, utakuwa unaongeza tatizo lile lile. Ukoko mweupe ndio ushahidi. Toa sentimita mbili za udongo wa juu uzitupe. Kisha peleka chungu bafuni au uani, umimine maji ya mvua polepole, mengi, yapite yatoke chini, usubiri kidogo, urudie. Rudia zoezi hilo kila baada ya miezi michache kama huna maji mengine zaidi ya kisima.

Na ukichanganya udongo kwa makumbi ya nazi, yaloweke kwanza na uyasuuze mara kadhaa, maana makumbi ya pwani huwa na chumvi yake yenyewe. Hilo wengi hawalijui.

Areka kwa ujumla ni chaguo zuri kwa sebule kubwa, asili yake Madagaska, na kile unachokiona kwenye chungu si mti mmoja. Ni miche mingi iliyopandwa pamoja ili ionekane imejaa. Baadhi itakufa kwa kugombania nafasi, usihamaki. Adui yake mwingine ni utitiri kwenye chumba kikavu chenye AC. Geuza jani: ukiona vumbi linalotembea na utando mwembamba, uuogeshe mti wote kwa maji ya bomba, chini ya majani hasa, urudie baada ya siku chache.

---

Fundi Ujenzi

Mzee mbona hujasema kuweka kokoto chini ya chungu? Ndiyo msingi wa kupitisha maji. Kila mtu anajua.

---

Mzee wa Vitalu

Fundi, kwenye msingi wa nyumba sikugusi. Kwenye chungu, kokoto hazisaidii. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ule wa juu yake uwe umejaa kabisa. Ukiweka kokoto sentimita tano, umelipandisha lile tabaka la tope kwa sentimita tano kuelekea kwenye mizizi. Chukua chungu chenye tobo la kutosha, weka kipande cha neti juu ya tobo udongo usitoroke, basi. Kinachopitisha maji ni mchanganyiko wenyewe: udongo, mboji au samadi iliyooza ikapoa, mchanga mkavu wa mto (si wa baharini), na kitu chepesi kama makumbi au pumba za mpunga. Ukiukamata mkononi ukaubana, uachie: ukibaki donge kama tofali haufai.

---

Fundi Ujenzi

Nimekuelewa lakini sijakubali.

---

Mzee wa Vitalu

Sawa kiongozi. Panda miwili, mmoja na kokoto mmoja bila, tukutane hapa.

---

Nesi wa Temeke

Naomba nichomekee jambo la kazini kwangu. Vile visahani vya chini ya vyungu. Dar tumepata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake, Aedes, anapenda vyombo vidogo vya maji safi majumbani. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikuokoi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai yanagandia ukutani mwa chombo na yanaweza kukaa makavu miezi. Kisugueni kwa brashi na sabuni kila wiki.

---

Mzee wa Vitalu

Asante sana Nesi, hili lingetakiwa liwe juu kabisa. Na kwa mti pia ni faida: maji yakibaki kwenye kisahani nusu saa baada ya kumwagilia, yamwage. Chungu kikiwa kizito huwezi kukiinua, nyonya maji kwa sifongo au taulo kuukuu.

Kumwagilia kwenyewe sina ratiba ya kumpa mtu. Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, nenda zako. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, sio vikombe viwili vya huruma kila asubuhi. Kwenye chungu kikubwa kidole hakifiki, tumia kijiti kikavu cha mshikaki, kichomeke chini, ukichomoa utaona kimelowa wapi.

---

Mama Mapacha

Nina watoto wa mwaka mmoja na nusu, kila kitu mdomoni. Nimeambiwa ZZ inaua mtu. Nitupe?

---

Mzee wa Vitalu

Usitupe dada, lakini iinue. Zamioculcas (ndiyo hiyo ZZ yako), monstera na ile dieffenbachia ya madoadoa meupe ni ukoo mmoja na wote wana fuwele ndogo kama sindano ndani ya majani na shina. Mtoto akitafuna anawashwa vikali mdomoni na kooni, analia, anaweza kuvimba. Msafishe mdomo, mpe maji, na akivimba au akipata shida ya kupumua au kumeza, hospitali moja kwa moja. Habari ya kuua kwa kugusa ni maneno ya mitandaoni. Dieffenbachia mimi nyumba yenye mtoto anayetambaa siiuzi. Fikasi nazo, pamoja na mti wa mpira, zina utomvu mweupe unaowasha ngozi, vaa glavu ukikata.

Na kwa taarifa tu, ZZ ni mtoto wa pwani yetu. Inaota yenyewe kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, kushuka hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuizalisha kibiashara kwa wingi miaka ya tisini, ikazunguka dunia, ikarudi kwetu kwenye chungu cha plastiki na bei mpya. Haiwi ndefu kama fikasi, ila ikijaa chungu kipana inafika karibu mita moja, na ndiyo ninayompa mtu mwenye kona ya giza asiyetaka kusikia ushauri. Chini ina viazi vinavyohifadhi maji. Ukiisahau mwezi inaishi. Ukiipenda sana inakufa.

---

Mswahili wa Göteborg

Nawasoma kutoka Sweden. Huku mwezi Desemba mchana una urefu wa kama saa sita na nusu tu, na jua linachungulia kwenye upeo kisha linaondoka. Huku dirisha la kusini ndilo la kugombaniwa. Mti wangu wa mpira nausogeza mpaka unagusana na kioo wakati wa baridi, nimeuwekea na taa ya LED ya mimea kwa saa kumi na mbili, na maji napunguza sana. Mlioko Dar mna bahati msiyoijua.

---

Binti Kigamboni

Nimerudi. Nimeshaenda. Muuzaji alikuwa na monstera mbili, moja ndefu imejaa, nyingine fupi ina majani matano. Nikasita nikaondoka. Nichague ipi na nitaibebaje?

---

Mzee wa Vitalu

Umefanya vizuri kusita. Ukirudi, shika shina chini kabisa ulitikise taratibu. Likicheza ndani ya udongo, mti umetoka kung'olewa ardhini juzi na kutumbukizwa kwenye chungu, mizizi haijashika. Huo utakufia nyumbani hata kama umejaa. Geuza majani utazame chini yake na kwenye makwapa ya vikonyo: wadudu weupe kama pamba wakiwepo, ondoka. Angalia jani jipya kabisa lililojiviringa juu. Mti wenye jani jipya unaendelea na maisha. Majani matano yenye afya na mizizi iliyoshika ni bora kuliko kumi na tano ya mapambo.

Muulize pia ulikuwa unakaa wapi, juani au chini ya neti ya kivuli. Wa juani ukiuingiza sebuleni ghafla utaangusha majani. Ukae barazani wiki mbili tatu kwanza, ndipo uingie.

Kubeba: usiweke kwenye bodaboda. Upepo wa barabarani unachana majani yote kabla hujafika kivukoni. Chukua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mti ulazwe, umefungwa shuka kuanzia chini kwenda juu ili majani yakunjike kuelekea yanakoelekea. Ukifika usibadilishe chungu siku hiyo hiyo, uache uzoee nyumba kwanza. Ukija kukibadilisha, ongeza ukubwa wa sentimita tano tu kwa upana. Chungu kikubwa mno ni udongo mwingi usio na mizizi, na udongo usio na mizizi haukauki.

Mbolea usiguse miezi miwili ya mwanzo. Baadaye NPK 17-17-17, punje chache zilizoyeyushwa kwenye maji, nusu ya kipimo cha shambani au pungufu, tena mti ukiwa unachipua. Vumbi futa kwa kitambaa chenye maji matupu. Mafuta ya nazi na maziwa yaache jikoni, yanavuta vumbi zaidi.

---

Jirani wa Mbezi

La mwisho kutoka kwangu. Mti wangu wa mpira umegusa dari. Nataka niuhamishie nje, kati ya ukuta na shimo la choo, pale pana ardhi laini.

---

Mzee wa Vitalu

Usithubutu! Ule ardhini unakuwa jitu, na mizizi yake inafuata maji. Itaanza na shimo, iende kwenye bomba, imalizie na ukuta wa jirani. Kata kichwa chake mita moja chini ya dari, juu kidogo ya jani, ufute utomvu kwa kitambaa kilicholoa. Utachipua matawi pembeni. Kile kichwa punguza majani yabaki mawili matatu, kiache kikauke utomvu, ukichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Kikiota mpe Jirani wa upande wa pili, umwambie na yeye asikipande karibu na shimo.